Mzimu wa Karatasi

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 3:1–5, 1 Samweli 28:7–20, Mhubiri 9:5, 6, Isaya 44:9–20, Luka 24:36–43, 1 Wakorintho 8, 10:23–33.

Mzimu wa karatasi hutengenezwa kwa dakika tano. Mtoto hufinya karatasi iwe kama kitufe, hukifunika kwa tishu nyeupe, hufunga uzi pale panapokuwa shingo, huchora macho mawili kwa kalamu nyeusi, kisha huutundika dirishani. Popo hukatwa katika karatasi nyeusi iliyokunjwa katikati, ili mabawa yalingane. Mifupa ya mtu hukatwa vipande vipande katika karatasi ya manila na kuunganishwa kwa vibanio ili mikono na miguu icheze. Kila mwezi wa Oktoba shule nyingi za Marekani na Kanada huwapa watoto kazi hizi, na kwa kuwa familia nyingi za Waadventista wanaozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo, wamepata makao huko, kazi hizo hufika nyumbani mwao katika mikoba ya shule, gundi ikiwa haijakauka vizuri. Mwaka 2026 jambo hili linasogea karibu zaidi, maana tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween, inaangukia Sabato. Katika miji mingi familia zitakuwa ndiyo kwanza zimemaliza ibada ya kufunga Sabato wakati watoto wa jirani watakapoanza kubisha hodi wakiomba pipi.

Mzazi afanye nini na ule mzimu wa tishu? Wengine husema, "Ni karatasi tu, mwacheni mtoto acheze." Wengine huuchukua kwa ncha za vidole na kuupeleka jikoni kuuchoma moto. Majibu yote mawili hutolewa kwa haraka, na kila moja lina kosa lake.

Jina Halloween lina maana ya mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, inayoadhimishwa tarehe 1 Novemba katika kanisa la Roma na makanisa mengine kadhaa, ikifuatwa tarehe 2 na siku ya kuwaombea marehemu. Chini yake ipo sikukuu ya kale zaidi ya Waselti, iliyofunga majira ya mavuno na kufungua majira ya baridi. Watu wa Ireland walichonga nyuso katika mizizi minene ya tanipu. Walipohamia Marekani kwa wingi baada ya njaa ya viazi iliyoanza mwaka 1845, walikuta boga, ambalo ni kubwa zaidi na rahisi kuchonga. Mapambo ya karatasi yalikuja baadaye, nayo yaliletwa zaidi na biashara kuliko dini. Kampuni ya Dennison ya jimbo la Massachusetts, iliyokuwa ikiuza karatasi za krepu, ilianza mwaka 1909 kuchapisha vijitabu vya kuwafundisha akina mama jinsi ya kupamba nyumba kwa usiku huo. Mtu akisema kwamba kila popo wa karatasi ni sadaka ya Waselti, anaipa karatasi historia isiyo yake.

Ni katika mkesha huohuo, tarehe 31 Oktoba 1517, Martin Luther alipotoa hoja zake 95 kule Wittenberg. Zilihusu vyeti vya msamaha, na vyeti hivyo viliuzwa pia kwa ajili ya wafu waliodhaniwa kuteseka toharani. Tangu zamani, basi, usiku huo umekuwa ukiuliza swali moja: wafu wako wapi?

Soma Isaya 44:9–20. Nabii anamweleza seremala anayekata mti mmoja, nusu anaotea moto na kuokea mkate, na nusu anaichonga kuwa mungu na kuisujudia. Isaya haiogopi sanamu hata kidogo. Anaicheka. Haonyeshi kwamba ndani ya ule mti kuna nguvu yoyote. Kilichopotoka ni moyo wa mtu asiyeweza kujiuliza kama kilichomo mkononi mwake ni uongo. Paulo anasema vivyo hivyo katika 1 Wakorintho 8:4: sanamu si kitu. Kwa hiyo wanaosema "ni karatasi tu" wana msingi wa Maandiko. Mti ni mti na tishu ni tishu.

Lakini Isaya hakuishia kwenye mti. Aliuliza kile kitu kinamfundisha nini aliyekitengeneza. Kumbukumbu la Torati 6:9 iliwaagiza Waisraeli waandike maneno ya Bwana katika miimo ya nyumba zao, kwa sababu kinachokaa mlangoni humfundisha mtoto kila anapoingia na kutoka, hata wakati hakuna mtu anayesema neno. Mapambo ni mwalimu asiyechoka. Basi yafaa kila pambo liulizwe peke yake linafundisha nini, badala ya kuyatupa yote katika kapu moja.

Boga ni chakula. Popo na buibui ni viumbe wa Mungu. Ayubu 8:14 inautaja utando wa buibui, na Zaburi 102:6 inamtaja bundi, bila kuwafanya wajumbe wa kifo. Hapa familia za Kiafrika zina la kujichunguza, kwa maana wapo Waadventista waliobatizwa miaka 20 iliyopita ambao bundi akilia juu ya paa bado hawalali. Mtoto anayekata bundi wa karatasi na kumbandika ukutani akicheka huenda ameelewa Mwanzo 1 kuliko baba yake.

Mifupa nayo inastahili kufikiriwa polepole. Huwatisha wengi, lakini haisemi uongo. Inasema kwamba mwanadamu hufa na mwili wake huharibika, na hayo ndiyo mafundisho ya Maandiko. Ezekieli aliwekwa katikati ya bonde lililojaa mifupa na kuulizwa kama yaweza kuishi. Na wanafunzi walipomwona Yesu aliyefufuka wakadhani wanaona roho, yeye aliwapa mifupa kuwa ushahidi: roho haina mwili na mifupa kama walivyomwona yeye kuwa navyo (Luka 24:39). Kisha akaomba chakula, akala kipande cha samaki mbele yao. Kwa Kristo, mifupa ilikuwa jibu kwa wale walioogopa mzimu.

Ule mzimu wa tishu ni jambo jingine. Shuka jeupe la mizimu ya Ulaya asili yake ni sanda, kwa kuwa watu walimchora marehemu akitembea na nguo aliyozikwa nayo. Kwa hiyo kitu kidogo kinachoning'inia dirishani kinatoa tamko zima la imani: aliyekufa hakufa, yu macho, anatembea, anaweza kuja. Tamko hilo lilisemwa mara ya kwanza bustanini, katika Mwanzo 3:4. Mhubiri 9:5, 6 inalikana. Katika Yohana 11:44 kuna mtu mmoja anayetembea akiwa amevikwa sanda, naye ni Lazaro aliye hai; na agizo la Bwana ni kwamba afunguliwe, aende zake.

Je, mchezo wa mtoto unaweza kubeba uzito huo? Mwaka 1848, katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, wasichana wawili wa nyumba moja, Kate na Margaret Fox, walisema kwamba wanazungumza na marehemu kwa njia ya sauti za kugonga. Umizimu wa kisasa ulienea kutoka nyumba ile hadi ng'ambo ya bahari. Mwaka 1888 Margaret alisimama mbele ya umati mjini New York akakiri kwamba sauti zile alizitoa kwa viungo vya vidole vya miguu. Mwaka uliofuata aliyakana maneno hayo. Lolote lililotukia katika chumba kile, linalopasa kutazamwa ni hili: waamini wa umizimu wengi hawakurudi nyuma hata baada ya kusikia kukiri kule. Walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba wafu wako macho. Ellen White, katika Pambano Kuu, anauona umizimu umejengwa juu ya fundisho hilo. Mtoto aliyecheza na mizimu kila Oktoba hatakuwa mchawi kwa ajili hiyo. Lakini siku mama yake atakapofariki, na mtu akamwambia kwamba mama anamwona na anaweza kusema naye, neno hilo halitamjia kama neno geni.

Limebaki pambo moja, nalo ni gumu kuliko yote: mchawi, yule kikongwe mwenye pua iliyopinda na kofia nyeusi yenye ncha. Katika jimbo lilelile la Massachusetts, mjini Salem, watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi mwaka 1692. Leo Salem hujaa watalii kila Oktoba, na kofia za wachawi huuzwa madukani. Kwa Mmarekani wa leo miaka ile imekuwa hadithi. Kwa Msukuma wa Mwanza au Shinyanga bado si hadithi, maana huko vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa miaka mingi jikoni. Nchini Kongo watoto wamefukuzwa makwao kwa kuitwa wachawi, mara nyingine na watu wanaojiita wahubiri. Kumbukumbu la Torati 18:10–12 inakataza uchawi. Haimpi mtu ruhusa ya kumtazama bibi kizee na kusoma hatia katika uso wake, na picha ile ya karatasi inafanya jambo hilohilo: inamfundisha mtoto kwamba uovu una sura, na sura hiyo ni ya mwanamke mzee na maskini.

Fikiri juu ya nyumba moja kama zilivyo nyingi. Bibi aliyetoka Kivu Kusini, akapita kambini, anaishi sasa na mwanawe na wajukuu katika jengo la ghorofa. Mjukuu wa miaka minane, aliyezaliwa Marekani, anabandika mchawi wa karatasi mlangoni. Bibi anasimama barabarani hataki kuingia.

"Bibi, ni karatasi tu," asema mtoto.

"Mjukuu wangu, najua ni karatasi. Lakini mama mdogo wangu walimwita jina hilo, na hakufika asubuhi."

Soma 1 Wakorintho 8:9–13. Katika nyumba ile, ni nani mwenye nguvu, na ni nani dhaifu? Kwa kawaida darasa hujibu kwamba mzee wa imani ndiye mwenye nguvu. Kwa maana ya Paulo, hapa mwenye nguvu ni mtoto: dhamiri yake haimsumbui, kwake sanamu si kitu. Naye mwenye nguvu ndiye anayeombwa kuacha haki yake. Lakini ili aache kwa upendo, asiache kwa kupigwa, ni lazima asimuliwe. Wazazi wengi waliovuka vita hawasimulii. Hukataza tu, na mtoto hubaki akidhani kwamba kanisa linachukia karatasi nyeusi na rangi ya machungwa.

Hapo ndipo moto wa jikoni unapokosea. Waefeso walichoma vitabu vyao vya uganga, vya thamani ya vipande vya fedha 50,000 (Matendo 19:19), lakini vilikuwa vyao wenyewe, na waliungama kwanza matendo yao. Mzazi anayechoma mzimu wa mtoto akitetemeka, akakemea mapepo juu ya tishu, amemfundisha mtoto kwamba ndani ya tishu kuna kitu. Ameifanya kuwa hirizi. Mtoto alikuja nyumbani na mchezo, sasa ana mzimu wa kweli kichwani, na aliyeuweka humo ni mtu anayemwamini kuliko mwalimu wake.

Paulo ana njia nyingine katika 1 Wakorintho 10:25–29. Kinachouzwa sokoni kiliwe bila kuuliza. Lakini mtu akisema, "Hiki kimetolewa sadaka," kiachwe kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyesema. Ni njia inayodai kuangalia ni nani yuko mezani. Makanisa mengine yameandaa sherehe ya mavuno usiku huohuo, yenye maboga na pipi zilezile. Hakuna ubaya, ingawa mtoto mwerevu huona kwamba ni jina tu lililobadilishwa. Lililo bora ni kazi ya mikono yenyewe isipotee: Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili akate, achonge na kutia nakshi (Kutoka 31:2–5), na mikono ya mtoto inayojua mkasi na gundi ni karama hiyohiyo ikiwa changa. Mzazi anaweza kumwandikia mwalimu mistari miwili ya adabu mapema, kabla kazi haijaanza darasani, akiomba mtoto apewe popo au boga badala ya mzimu. Walimu wengi hukubali. Kazi ngumu zaidi ni ya jioni ile, kuketi na mtoto mezani, kuifungua tishu polepole mpaka ibaki karatasi iliyofinywa, na kumweleza Babu yuko wapi, na kwa nini hawezi kuja dirishani, na ni nani atakayemwamsha.

Kwa mazungumzo ya darasa: yule bibi aliyesimama barabarani anapaswa kumweleza mjukuu wa miaka minane kiasi gani cha habari za mama yake mdogo? Na kama bibi hawezi kusema, ni nani katika kanisa anayeweza kusema badala yake?