Aliyeibeba Hospitali

Hospitali inayofuatana na jeshi ni jambo la zamani. Katika miaka ya 1790 tabibu Mfaransa, Dominique Jean Larrey, alitengeneza magari mepesi ya farasi ya kuwafikia majeruhi karibu na mapigano, maana aliona ya kuwa wengi hufa kwa kungoja. Tena alishika kanuni hii: atibiwe kwanza mwenye jeraha la hatari zaidi, pasipo kutazama cheo. Mwaka 1945 Wamarekani waliunda hospitali za upasuaji za mahema, zenye kuhama pamoja na jeshi. Na katika vita vya Korea, 1950 hata 1953, helikopta ziliwaletea majeruhi upesi, wakapona wengi ambao zamani wangalikufa.

Kwetu Afrika ya Mashariki hospitali za namna hiyo zilipita katika vita vya 1914 hata 1918, lakini hazikwenda kwa farasi. Ndorobo waliwaua farasi na ng'ombe, na barabara za motokaa zilikuwa chache. Basi hema, machela na masanduku ya dawa vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Mwezi wa Julai 1916 Waingereza waliitwaa Mwanza, wakashika njia ya kwenda Tabora. Nao Wasukuma na Wanyamwezi, waliojulikana tangu siku za misafara kuwa wapagazi hodari, walitiwa katika kazi hiyo. Wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokufa wakadiriwa kuwa yapata laki moja. Walio wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, malaria, kichomi na chakula kibaya.

Hapo lazuka swali: je, aliyeibeba hospitali hana haki ya kulala ndani yake?

Mkuu wa jeshi aweza kujibu hivi: "Dawa ni chache. Nikimponya askari kwanza, adui atazuiliwa, na wapagazi nao wataokoka." Neno hili tusilidharau. Pakiwa na watu wawili na dawa ya mmoja, mtu hana budi kuchagua, na atakayechagua hata kwa moyo safi atabaki na huzuni.

Lakini kuna kuchagua kwa namna mbili. Moja ni kule kwa tabibu aliyepungukiwa usiku wa mapigano. Nyingine ni kule kwa mtu aketiye mezani kabla ya safari, akahesabu vitanda vya askari, asihesabu vya wapagazi. Ya kwanza ni msiba. Ya pili ni dhuluma, ingawa haina damu mikononi. Na mpagazi aliyeondolewa kwake kwa amri ana dai kubwa zaidi, maana amtoaye mtu nyumbani kwake amejitwalia deni la mwili wake.

Wala haikuwa kazi isiyowezekana. Mwaka 1917 kikosi cha waganga Waafrika kiliundwa Uganda, wengi wao vijana waliosoma shule, nao wakawauguza wapagazi katika hospitali zao. Lililowezekana mwaka wa tatu wa vita lingaliweza kufikiriwa mwaka wa kwanza. Dar es Salaam jina la Kariakoo lawakumbuka wapagazi hao hata leo. Lakini sanamu iliyosimamishwa 1927 ni ya askari mwenye bunduki, na wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini tu.

Sisi wa Bariadi na Simiyu yote hatuna jeshi la kuliongoza, ila twajenga zahanati. Wako wanaosomba mawe na mchanga, na akina mama wanaojitwika maji ya kukandia udongo. Siku ya kupanga vitanda na dawa, tuulize mapema: hao wamehesabiwa? Swali hilo likingoja mpaka mgonjwa afike mlangoni, limechelewa.