Wakikubaliana Wote, Ndiyo Iwe Kweli?

Kiswahili kina maneno matatu kwa kile ambacho wataalamu wa tiba hukitafuta wanapoitana mkutanoni: makubaliano, muafaka na maridhiano. Sisi wa Tanzania tukisikia "muafaka" tunakumbuka Zanzibar, CCM na CUF, 1999 na tena 2001: mahasimu waliotia saini karatasi ili maisha yaendelee. Maridhiano yana moyo ndani yake, mtu ameridhia. Makubaliano ni neno la mkataba, hata wa kupanga chumba. Hakuna hata moja linaloahidi kwamba kilichokubaliwa ni kweli. Hilo ndilo linalonisumbua kila ninaposoma tamko la wataalamu linaloanza na "tumekubaliana kwamba".

Chukua vipandikizi vya meno, zile skrubu ndogo zinazozamishwa kwenye mfupa wa taya ili zibebe jino la bandia. Mwaka 1978 wataalamu walikutana Harvard, Marekani, kupima vipandikizi vya wakati ule. Kwa vigezo vilivyotoka pale, mfupa ungeweza kupungua hadi theluthi moja ya kimo chake na bado kazi ikahesabiwa imefaulu. Ilitosha vipandikizi viwafae wagonjwa 75 kati ya 100 kwa miaka mitano.

Kumbe kule Göteborg, Uswidi, kulikuwa na mtu anayeitwa Gösta Larsson. Tangu 1965 alikuwa na vipandikizi vya titani alivyowekewa na Per-Ingvar Brånemark. Brånemark alishikilia kwamba mfupa na titani vinaweza kushikana moja kwa moja, bila utando laini katikati. Wengi katika fani hawakumwamini. Mpaka 1982, kwenye mkutano wa Toronto ulioandaliwa na George Zarb, ndipo Amerika Kaskazini ilipomsikiliza. Mwaka 1986 Tomas Albrektsson na wenzake, Zarb akiwemo, wakachapisha vigezo vipya: baada ya mwaka wa kwanza mfupa upungue chini ya milimita 0.2 kwa mwaka, na ufanisi usiwe chini ya asilimia 85 baada ya miaka mitano. Larsson alifariki 2006, baada ya kutumia vipandikizi vyake kwa miaka arobaini.

Mfupa wa Larsson haukusubiri kura ya mtu. Kati ya 1978 na 1986 taya za binadamu hazikubadilika. Kilichobadilika ni ushahidi uliowekwa mezani, na nani alikuwa amekaribishwa kwenye hiyo meza.

Sasa basi, mikutano ya nini? Si tumwachie kila daktari afanye anavyoona? Hapana. Mgonjwa wa Jumatatu asubuhi hawezi kusubiri sayansi imalize maswali yake yote, na mtaalamu mmoja peke yake ni hatari zaidi: anaweza kuwa na mazoea yake, au ana bidhaa ya kuuza. Wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno. Lakini ni wazee haohao waliosema wengi wape, na methali hii ya pili inazungumzia nguvu, haigusi ukweli kabisa. Mwandaaji wa mkutano anatembea katikati ya methali hizi mbili.

Mimi naona makubaliano ya wataalamu ni ahadi zaidi kuliko ugunduzi. Wanasema: kwa tunachokijua leo, hiki ndicho tuko tayari kukibebea lawama. Ikiwa ni ahadi, basi maadili yake yako kwenye maandalizi. Nani kaandika swali? Nani kaitwa, nani kasahauliwa, na tiketi za ndege kalipa nani? Kazi yangu imenikalisha kwenye vikao vingi, na nimeona jinsi "lazima" inavyoingia saa tatu asubuhi na kutoka saa kumi jioni ikiwa "inashauriwa", eti ili wote wasaini. Wote wanasaini kweli, ila sentensi haina tena kazi.

Wako waliojaribu kutibu hili. Katika miaka ya 1950, taasisi ya RAND ya Marekani ilibuni mbinu ya Delphi: wataalamu wanajibu kwa maandishi bila kutajana majina, wanaoneshwa majibu ya wenzao, wanajibu tena. Hapo profesa mzee hawezi kumnyamazisha kijana kwa kukohoa tu. Nzuri. Ila mbinu hiyo haiwezi kumwongeza chumbani mtu ambaye hakualikwa.

Mwaka 2002, katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, wataalamu walitamka kwamba mtu asiye na meno kabisa, taya ya chini, chaguo la kwanza liwe meno ya bandia yanayoshikiliwa na vipandikizi viwili, siyo yale yanayokaa juu ya fizi tu. Najua swali lililo mdomoni mwako: nani atalipa? Bibi anayekula uji harusini wakati wenzake wanakula pilau, kwa sababu meno yake ya chini yanacheza, atazitoa wapi hizo hela?

Hata hivyo nasema tamko kama hilo litamkwe, tena kwa sauti. "Hiki ndicho bora" ni sentensi moja. "Hiki ndicho tunachomudu" ni nyingine, nayo ni ya serikali, bima na sisi wapiga kura. Wataalamu wakizichanganya, umaskini wetu unaandikwa vitabuni kama sayansi, na yule bibi anaambiwa hakuna kilichokosekana kwake.

Kwa hiyo, wanaoandaa kikao kijacho, mwiteni na yeye. Na kama kuna mtaalamu mmoja aliyekataa kusaini, chapisheni sababu zake chini ya tamko, kwa herufi za ukubwa uleule. Mwaka 1978 wengi walikuwa upande mmoja, na Larsson alikuwa Göteborg anatafuna.