Daktari wa Neyyoor na Deni la Mlima

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwasuta wasomi wa zama zake katika kitabu chake, Ihya. Wanasongamana kwenye fiqhi, alilalama, ilhali ipo miji isiyo na tabibu Mwislamu hata mmoja. Kwake utabibu ulikuwa fardhi kifaya: wakiutekeleza baadhi, waliobaki wamesalimika; asipopatikana wa kuutekeleza, dhambi inawaenea wote. Madrasa za pwani hufundisha hukumu hiyo kwa mfano wa sala ya jeneza. Inaweza pia kumpima mtu aliye mbali kabisa na madrasa: daktari wa Kiingereza, Mkristo, aliyependa milima kiasi cha kuhatarisha roho yake, na si yake tu.

Howard Somervell alizaliwa mwaka 1890 huko Kendal, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, katika ukoo wenye kiwanda cha viatu. Vilima na maziwa ya Lake District viko jirani, na huko ndiko alikojifunza kukwea miamba na kuichora. Alisoma sayansi Cambridge, ambako kwa muda aliiacha dini ya wazazi wake kisha akairudia, halafu akasomea upasuaji London.

Vita Kuu ya Kwanza ikampeleka Ufaransa. Mwezi Julai 1916, mapigano ya Somme yalipoanza, alikuwa katika kituo cha majeruhi cha Vecquemont. Magari ya wagonjwa yalipanga foleni barabarani. Majeruhi walilazwa kwenye machela na juu ya nyasi, uwanja mzima, wakisubiri madaktari wapasuaji wachache waliofanya kazi usiku na mchana. Kila alipopata nafasi ya kutoka nje kuvuta hewa, Somervell alipita katikati yao. Jambo lililomkaa moyoni maisha yake yote ni kwamba hakumsikia hata mmoja akiomba atangulizwe.

Mwaka 1922 alichaguliwa kuingia katika msafara wa Waingereza wa kwenda Everest kupitia Tibet. Tarehe 21 Mei, yeye, George Mallory na Edward Norton walivuka mita 8,000 bila mitungi ya oksijeni, kimo ambacho binadamu hakuwa amewahi kukipanda. Wangeweza kurudi nyumbani na sifa hiyo. Badala yake msafara ukajaribu tena mwezi Juni, theluji mpya ikiwa imeanguka tele.

Tarehe 7 Juni watu 17 waliukabili mteremko unaoelekea North Col: Waingereza watatu, akiwemo Somervell, na wapagazi 14, wamefungana kwa kamba katika makundi manne. Waingereza walikuwa kundi la mbele. Baada ya saa saba mchana theluji ilikatika chini ya miguu yao, ikaanza kuporomoka. Kundi la mbele lilizikwa nusu, likajinasua. Wapagazi tisa waliokuwa nyuma walisukumwa hadi kwenye ukingo wa barafu wakatumbukia. Wenzao walichimba kwa mikono, wakawatoa wawili wakiwa hai. Saba walikufa. Waingereza wote watatu walisalimika.

Somervell aliandika baadaye kwamba alitamani mmoja wao, Mwingereza yeyote, angekufa pamoja na wale saba, ili walionusurika wajue kwamba hatari ilikuwa ya wote. Tamaa hiyo ni ya ajabu kwa mtu ambaye kazi yake ni kuokoa maisha. Lakini inaonyesha kwamba aliielewa hesabu iliyokuwa mbele yake. Walioutaka mlima walikuwa wengine. Waliolipwa ujira kwa kuubebea mizigo ndio waliokufa.

Msafara ulipovunjika, hakupanda meli moja kwa moja. Alizunguka India, akafika Neyyoor, mji mdogo wa Travancore, karibu na ncha ya kusini ya Bara Hindi. Shirika la London Missionary Society lilikuwa limeanza huduma ya tiba hapo tangu mwaka 1838. Alikuta mpasuaji mmoja aliyechoka, na nje ya mlango wake foleni isiyokwisha. Akavua koti, akaingia kusaidia. London alikuwa amewekewa nafasi nzuri hospitalini. Aliikataa.

Hapa ndipo hukumu ya al-Ghazali inapopata makali, ingawa Somervell aliyafikia maamuzi yake kwa njia ya Injili. Wapasuaji London walikuwepo. Angeondoka yeye, kisu kingeshikwa na mwingine. Neyyoor, zaidi ya yule mmoja aliyechoka, hakukuwa na mwingine. Mafaqihi husema kwamba wajibu wa wote, akibaki mtu mmoja tu awezaye kuutekeleza, hugeuka kuwa fardhi ain juu ya mtu huyo. Somervell alifanya kazi India kwa karibu miaka 40, kwanza Neyyoor, kisha katika chuo cha tiba cha Kikristo cha Vellore. Alipasua vidonda vya tumbo vilivyowasumbua sana watu wa Travancore, akachunguza chakula chao kutafuta chanzo. Alitibu kwa miale saratani za kinywa, ugonjwa wa watafunaji tambuu na tumbaku.

Wasimuliaji wengi wa kisa hiki huishia hapo, wakiridhika: mpanda milima aliyeguswa na vifo akageuka mtumishi wa maskini. Masimulizi hayo yana kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni kwamba Somervell hakuiona milima kuwa dhambi ya kutubia. Aliendelea kukwea na kuchora hadi uzeeni, na baada ya kustaafu alikuwa rais wa Alpine Club kuanzia mwaka 1962 hadi 1965. Wala dini hazimkatazi: Zaburi ya 121 inaanza kwa macho yaliyoinuliwa milimani, na Sura An-Nabaa inaitaja milima kama vigingi vya ardhi.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Wale saba walikuwa watu wa Himalaya. Wagonjwa wa Neyyoor walikuwa Watamili na Wamalayali, mwisho mwingine wa India. Haki ya Mungu husamehewa kwa toba, lakini haki ya mja ina mwenyewe, na kumlipa Juma hakufuti deni la Ali. Swali la haki hii linawahusu pia wanaopanda Kilimanjaro leo, ambako kanuni zinamwekea mpagazi kikomo cha kilo 20. Kanuni inapima uzito wa mzigo. Haisemi mwenye mzigo anadaiwa nini na aliyeubeba.

Ikiwa ipo siku alipolipa pale alipodaiwa, ni tarehe 24 Mei 1924, aliporudi Everest na msafara mwingine, kwenye mteremko uleule wa North Col. Wapagazi wanne walikuwa wamekwama juu, wakiogopa kushuka kwenye theluji mbichi. Norton, Mallory na Somervell waliacha mipango ya kilele, wakapanda kuwafuata, Somervell akiwa tayari anakohoa vibaya. Ndiye aliyetangulia kukata mteremko, wenzake wakimshikia kamba ya mita 60. Kamba ikaisha mita chache kabla hajawafikia. Wawili wa mwisho wakateleza, wakasimama karibu na ukingo. Somervell alikita shoka lake la barafu, akajifungua kamba, akaizungusha kwenye shoka, akaishika ncha yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamnyakua kila mmoja kwa ukosi wa nguo.

Wote wanne walishuka wakiwa hai. Mwaka huohuo watumishi wengine wawili wa msafara walifariki, mmoja kwa kuvuja damu kichwani na mwingine kwa baridi iliyomuunguza miguu. Mwanzoni mwa Juni wapagazi 15 walioteuliwa kwa nguvu zao walikuwa wanapandisha mizigo tena kwenye mteremko uleule, na Somervell alikuwa pamoja nao, akielekea juu.