Raleigh Mbili, Baiskeli Moja

Baiskeli za Raleigh za zamani kutoka Nottingham, Uingereza, zilikuwa na uzi wake wa skrubu: mizunguko 26 kwa inchi, wakati viwanda vingine vingi vya huko vilitumia 24. Ndiyo maana kikombe cha gololi cha kampuni nyingine hakiingii pale kwenye ekseli ya pedeli. Ukikilazimisha, unaua fremu. Dawa yake ni Raleigh nyingine, ile iliyopinda ikatupwa nyuma ya nyumba. Fundi huilowesha mafuta usiku kucha, akagonga kotapini taratibu, akatoa kikombe na ekseli vingali vinang'aa chini ya grisi iliyoganda. Kazi hiyo naiheshimu sana. Kabla hujaiuza Raleigh ya babu kwa wanunuzi wa chuma chakavu, tafadhali, mwonyeshe kwanza fundi wa mtaani kwenu.