Kuchanja na Kuchanjiana

Neno chanjo halikuja na meli. Kabla ya sindano kufika pwani ya Waswahili, mganga alikuwa akichanja: aliipasua ngozi kidogo kwa wembe, akapaka dawa penye damu, na alama iliyobaki ikaitwa chale. Wapo pia waliochanjana wawili kwa wawili, damu zikachanganywa, na tangu siku hiyo wakawa ndugu wa kuchanjiana, wasioweza kusalitiana pasi na kuogopa adhabu ya kiapo. Lugha, basi, ilikwisha kulipa neno hili maana mbili zinazokaa jirani: dawa iingiayo mwilini kwa jeraha dogo, na ahadi iingiayo kwa jeraha hilo hilo. Ulipozuka ugonjwa wa UVIKO-19, na baada yake zikaja chanjo, watu walibishana sana juu ya maana ya kwanza. Ya pili haikutajwa.

Suali lililojificha ndani ya mabishano yale ni hili: mtu aiogopaye sindano akaikwepa, ana hatia gani mbele ya jirani yake? Wapo waliosema mwili ni wa mwenyewe, wala hadaiwi na mtu. Wengine wakamwita mwoga huyo muuaji. Majibu yote mawili yana kasoro moja: hayamtazami mwoga usoni.

Na atazamwe Ali Maow Maalin. Kijana huyu wa miaka 23 alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, pwani ya Benadiri nchini Somalia, si mbali na Barawa, mji wa Chimwini, lahaja ya Kiswahili ya kaskazini kabisa. Oktoba 1977 gari lililobeba watoto wawili wenye ndui lilipita hapo, ikatakiwa mtu wa kuonyesha njia. Maalin akapanda. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa sababu ambayo baadaye hakuona haya kuieleza: aliona sindano inauma. Siku kumi zikapita, akashikwa na homa. Kwanza ilidhaniwa ni malaria, kisha tetekuwanga. Ilipojulikana kuwa ni ndui, watu waliokutana naye wakatafutwa mmoja mmoja, na kwa muda wa wiki mbili wakachanjwa watu zaidi ya 50,000. Hakuambukizwa hata mmoja. Naye akapona, akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya maumbile. Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa maradhi hayo yametoweka.

Kisa hiki kinatatiza zaidi kuliko kinavyofundisha. Maalin hakuwa mpinzani wa elimu wala mfuasi wa uvumi. Aliogopa maumivu, kama aogopavyo mtoto. Lau jirani mmoja angalikufa, kosa lake lingalikuwa lile lile, wala nia yake isingalibadilika hata chembe. Kilichomwepusha na lawama si wema wake, bali mbio za wale waliokwenda usiku na mchana kuwachanja wengine. Uoga wa mkono mmoja ulilipiwa na mikono elfu hamsini.

Lakini kuiogopa sindano ni jambo moja, na kumshuku aishikaye ni jambo jengine. Mwaka 1996, mjini Kano, Nigeria, palipozuka homa ya uti wa mgongo, kampuni kubwa ya dawa ya Marekani iliwapa watoto dawa iliyokuwa katika majaribio. Watoto 11 wakafa, na wazazi wakalalamika kuwa hawakuelezwa. Mwaka 2003 Kano hiyo hiyo ikaikataa chanjo ya polio, na ugonjwa ukavuka mipaka hadi nchi zilizokwisha kuuondoa. Mwaka 2011, katika kumsaka Osama bin Laden, majasusi wa Marekani walijificha nyuma ya kampeni ya chanjo huko Abbottabad, Pakistan. Mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ni dhulma kumcheka.

Tanzania nayo ina chake. Tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisema chanjo hazifai. Lau wazungu wangekuwa hodari wa chanjo, wangekwisha kupata ya UKIMWI. Takwimu za wagonjwa zilikuwa zimeacha kutangazwa tangu mwaka uliotangulia. Siku chache baadaye, Zanzibar, chama cha ACT-Wazalendo kikatangaza kuwa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, ameambukizwa. Akafariki tarehe 17 Februari. Kuutaja ugonjwa kwa jina lake, wakati misiba mingi ikisingiziwa “changamoto ya upumuaji”, ulikuwa ujasiri ambao haujasifiwa vya kutosha. Mwezi mmoja baadaye Rais Magufuli naye akafariki, kwa maradhi ya moyo kama ilivyotangazwa. Julai zikafika dozi 1,058,400, na tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja, akachanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam. Alijitaja kuwa ni mama, ni bibi na ni mke, asiyeweza kujitia hatarini kwa makusudi, na chanjo ikabaki kuwa hiari.

Tendo lile lilikuwa jema. Ila kati ya Januari na Julai, serikali ya chama kile kile iliwataka watu waiache imani moja na kushika nyengine, bila ya kauli iliyo wazi ya kukiri kosa. Kanzu hubadilishwa hivyo, si imani. Na ajabu ni kwamba visiwa havikuwa vigeni wa sindano. Hujaji huchanjwa homa ya uti wa mgongo, msafiri hubeba kadi ya homa ya manjano, mtoto mchanga hutiwa alama ya kifua kikuu begani, na ni nadra mtu kuuliza kilichomo ndani ya kichupa. Hawaachi kuuliza kwa kuwa wanajua. Huacha kwa kuwa wamemwamini aliyewaita.

Wenye kuitetea chanjo nao walizidisha maneno. Chanjo ya ndui iliufungia njia ugonjwa hadi ukatoweka. Za UVIKO-19 zilipunguza sana ukali na vifo, lakini waliochanjwa waliendelea kuambukizwa na kuambukiza. Aliyeahidiwa paa akapewa mwavuli huhisi amedanganywa, hata kama mwavuli ule ulimwokoa na mvua. Deni la jirani halikufutika kwa hayo. Lilibadilika sura tu, likawa kitanda cha hospitali na mtungi wa oksijeni, ambavyo akivichukua huyu, yule hukosa. Katika kuchanjiana, hata hivyo, wembe ulipita kwa wote wawili. Mwaka 2021 mataifa tajiri yalijiwekea dozi nyingi kuliko idadi ya watu wao, kisha yakashangaa kwa nini maskini hawana imani.

Maalin alizijua pande zote mbili. Polio iliporudi Somalia mwaka 2005, alijiunga na wachanjaji. Alipokutana na mzazi aliyekataa, alimsimulia habari zake mwenyewe: kwamba yeye ndiye wa mwisho kuugua ndui, na kwamba aliikimbia sindano. Ugonjwa uliondoka, ukarudi tena 2013, naye akarudi kazini. Julai ya mwaka huo, kazi ikiwa haijesha, alishikwa na malaria, ambayo wakati ule chanjo yake ilikuwa bado haijapatikana, akafa.