Kuyatuhumu Maji

Mashariki ya mji wa Machakos, mwendo wa kilomita 12 hivi, barabara inayopita mbavuni mwa kilima cha Kituluni ina kipande kifupi ambacho wenyeji hukiita Kyamwilu, na ambacho sifa zake zimeenea Kenya nzima kwa kuwa hapo, kama wasemavyo wageni wanaofika kukitazama, maji hupanda mlima. Mgeni hufungua chupa, akayamwaga maji njiani, akayatazama yakijikusanya na kusita kidogo, kisha yakaanza kutambaa kuelekea kule ambako macho yake yanaapa kuwa ndiko juu. Wenye magari huweka gia huru, wakaachilia breki, na gari likaondoka lenyewe polepole kana kwamba limevutwa kwa kamba. Hapo wengine hupiga makofi, wengine hulitaja jina la Mwenyezi Mungu, wengine huwataja mashetani, na wenyeji nao huwa na visa vyao vya watu wa kale, ambavyo sitavisimulia, kwa sababu kila aliyenisimulia alinipa kisa tofauti na alichonipa mwenzake.

Mimi nimefika Kyamwilu mara nyingi kuliko inavyoustahiki umri wangu, na takriban mara zote nimefika kwa baiskeli. Nalitanguliza hili ili msomaji ajue kwamba anayezungumza naye hakusoma fizikia zaidi ya ile ya sekondari, wala si mwanachuoni wa dini, ila ni mwalimu mstaafu mwenye mapenzi na vyuma vya zamani, ambaye kwa ajili ya baiskeli moja alijikuta ametumbukia katika suala lililowashughulisha wakubwa wa elimu tangu dahari: mtu akihitilafiana na macho yake mwenyewe, amsadiki nani?

Baiskeli yenyewe ni ya zile za mlimani, ambazo hapa kwetu wengi huziita baiskeli za gia ili kuzitenga na Black Mamba, ile nyeusi nzito ambayo kwa miaka ayami imebeba magunia na makopo ya maziwa ya nchi hii. Jamii hiyo ya baiskeli asili yake ni vijana wa California, ambao katika miaka ya 1970 walikuwa wakipandisha mabaiskeli makuukuu yenye matairi manene kwenye mlima Tamalpais na kushindana kuteremka. Na shindano lao lililoanza Oktoba 1976 liliitwa Repack, yaani kupakia upya, kwa kuwa breki zilizokuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma zilipata moto hata grisi ikafuka moshi, ikabidi kitovu kifunguliwe na kupakiwa grisi nyingine. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu makhsusi kwa kazi hiyo, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, iliyofuliwa kwa wingi Japani, na tangu hapo mchezo wa vijana ukawa biashara ya ulimwengu.

Yangu ni ya kizazi cha baadaye kidogo, cha siku ambazo aluminiamu ilikuwa haijakiondoa chuma sokoni. Ilishuka bandarini Mombasa pamoja na mitumba mingine, ikapanda hadi Nairobi, nami nikainunua haina kengele, haina tandiko, na pedali ikiwa moja. Lakini fremu yake ni feleji halisi, chuma kilichochanganywa na kromu na molibdeni, na juu ya bomba la kiti imesalia nusu ya karatasi yenye jina la Tange, wafua mabomba wa Japani. Mbele ina springi ambazo kutu imezigeuza kuwa jina tu. Nyuma haina springi kabisa, wala haikuumbwa kuwa nazo, na hiyo ndiyo tabia yake kubwa kuliko zote. Mwenye baiskeli ya kisasa, iliyotiwa springi mbele na nyuma, hupita juu ya mawe ya vilima vya Iveti akayasikia kwa mbali, kama mtu anayesikia ugomvi wa majirani. Lakini mwenye baiskeli kama yangu kila kokoto humfikia uti wa mgongo lingali kokoto. Sisemi kwamba hilo ni raha. Nasema kwamba baada ya miaka kadhaa mtu huanza kuijua barabara kwa namna ambayo haikupitia machoni, na hujua kwa kiuno, kabla hajatazama, kwamba amekwisha kutoka kwenye changarawe na kuingia kwenye udongo mwekundu.

Aliyenifundisha kuutilia maanani ujuzi wa namna hiyo ni fundi wangu, mzee wa Kikamba ambaye karakana yake ni kivuli cha mti na sanduku la spana. Gurudumu likipinda yeye huigeuza baiskeli miguu juu, akalizungusha, akaweka ukucha wa kidole gumba karibu na rimu na kusikiliza mahali unapokwaruzwa. Kisha huzigusa spoku mbili mbili, akizipiga kwa mpini wa bisibisi, huku ameinamisha kichwa na kufumba macho. Spoku iliyolegea hutoa sauti nzito, iliyokazwa kupita kiasi sauti yake ni nyembamba, naye huzungusha nati robo, akapiga tena, akaenda nyingine, mpaka zote 32 ziitikie kwa sauti moja. Nilimwuliza siku moja kwa nini afumbe macho.

“Mwalimu,” akanijibu, “rimu ikizunguka, macho huona imenyooka hata ikiwa imepinda.”

Huyo ndiye niliyekwenda naye Kyamwilu. Tulifika asubuhi ya siku ya kazi, kabla ya wageni, yeye juu ya Black Mamba yake na mimi juu ya feleji yangu. Nikasimama mahali wanaposimama wote, nikaacha kukanyaga, na baiskeli ikaondoka, ikaukwea ule mwinuko nilioukodolea macho, huku gurudumu la nyuma likilia tik-tik-tik kama liliavyo kwenye kila mteremko wa dunia. Nikamgeukia fundi nikiwa nimejaa mastaajabu niliyokuwa nayo tangu mara ya kwanza. Yeye akasema, “Acha kutazama barabara. Tazama mnyororo.” Nikautazama. Ulikuwa umelegea, umekaa juu ya meno ya gia bila kazi. Akaniamuru nigeuze na kurudi kule ambako macho yalisema ni bondeni, nami nikalazimika kukanyaga, na sehemu ya juu ya mnyororo ikakaza kama uzi wa mvuvi aliyenasa samaki, na mapaja yangu, ambayo hayajasoma kitabu, yakatambua mara moja kwamba napanda.

Kwa ufupi, pale panapoonekana kupanda ni mteremko. Wataalamu wanasema kwamba mahali pa namna hiyo pako katika nchi nyingi, na kwamba jicho, ambalo hupima mwinamo kwa kuulinganisha na upeo wa macho, hupotewa na mizani yake pale ambapo vilima vimeuficha upeo na ardhi yote ya pembeni imelalia upande mmoja. Hayo ni maelezo mazuri nami sina la kuyapinga. Ila hayajibu lile lililonitatiza, maana nilikuwa nimekwisha kuyasikia kabla ya kuikanyaga ile pedali, na bado nilistaajabu, na hadi leo nikifika pale jicho langu halikubali kusahihishwa hata kidogo.

Imamu Nasafi wa Samarkandi, ambaye akida yake imesomwa madrasa kwa karne nyingi, ametaja sababu tatu za viumbe kupata ilimu: hisia zilizo timamu, habari iliyo ya kweli, na akili. Kyamwilu huzikusanya zote tatu mahali pamoja na kuzigombanisha. Hisia zenyewe zimegawanyika, kwani jicho linasema juu na mguu unasema chini. Habari zimegawanyika, kwani mmoja anasimulia mizimu na mwingine anasimulia upeo wa macho. Ikabaki akili, iketi kama kadhi mbele ya mashahidi wanaokanushana. Na hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo, kwa kadiri ya fahamu zangu, ni la ajabu kuliko maji yenyewe.

Popote pengine duniani tunapotaka kujua wapi ni juu na wapi ni chini tunayauliza maji. Mwashi akitaka kujua kama ukuta wake umelala sawasawa huweka juu yake pimamaji, chombo ambacho hata jina lake ni ungamo la itikadi hiyo, na povu lililo ndani ya kioo likisogea kushoto, hakuna mwashi aliyewahi kusema kwamba povu limerogwa; hulivunja tofali lake akalijenga upya. Na sisi sote, tukiona maji ya mvua yakikimbilia upande fulani wa uwanja, husema upande huo ni wa chini, na wala hatutaki burhani nyingine. Lakini tukifika Kyamwilu, shahidi huyohuyo ambaye hajawahi kusema uongo katika maisha yetu anapotoa ushahidi uleule aliouzoea, yaani kwamba anateremka, tunamtuhumu papo hapo kuwa amekiuka maumbile, ili jicho, ambalo limetudanganya tangu utotoni kwa sarabi, kwa vivuli na kwa mwezi unaotukimbiza usiku, litoke barazani bila doa. Watu hawasemi, “Tazama jinsi macho yangu yalivyokosea.” Husema, “Tazama maajabu ya maji.”

Imamu Ghazali, katika kile kitabu alichosimulia namna alivyotoka katika shaka, alilianza jambo hili kwa mifano miwili: kivuli, ambacho jicho hukiona kimesimama ilhali baada ya saa moja kimehama, na nyota, ambayo jicho huiona kadiri ya dinari ilhali hesabu huithibitisha kuwa kubwa kuliko ardhi. Akasema basi imani yake katika hisia imebatilika. Walakini hakukomea hapo kama ambavyo wengi wetu tungekomea. Aliendelea kuuliza: ikiwa jicho lilijiona kuwa hakimu mpaka akili ikaja kulikadhibisha, nani amenidhamini kwamba nyuma ya akili hakuna hakimu mwingine, atakayekuja kuikadhibisha akili nayo? Akakaa katika maradhi hayo karibu miezi miwili, wala hakuponywa kwa hoja, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Mimi sina cha kudai mbele ya nuru kama hiyo. Nataja tu kwamba mtu mwenye akili kiasi kile hakuona haya kuanzia kwenye kivuli.

Na mtu asidhani kwamba nimekuja kulihukumu jicho lifungwe maisha. Mmisionari Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848 na kuandika kwamba una theluji, na mwenzake Krapf alipouona mlima Kenya akiwa Kitui, hapahapa Ukambani, tarehe 3 Desemba 1849, mabwana wa jiografia wa London, akiwamo Desborough Cooley ambaye hakupata kuikanyaga Afrika, walikataa, kwa hoja kwamba akili haikubali theluji chini ya jua la ikweta. Hapo jicho ndilo lililokuwa adili, na akili ndiyo iliyokuwa na kiburi. Kwa hiyo kadhi hana njia ya mkato. Itambidi afanye lile ambalo sheria humtaka alifanye, kumchunguza kila shahidi kabla ya kumpokea, na kuuliza kama hana maslahi yake katika kesi; na jicho, naogopa kusema, lina maslahi katika kila kesi, maana ndilo linalopenda kushangazwa.

Nilifikiri hayo tukirudi nyumbani, na njia ya kurudi hupita baina ya mashamba yaliyochongwa ngazi ngazi kutoka bondeni hadi karibu na kilele. Mwaka 1937 ofisa wa udongo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, alivitazama vilima vya nchi hii akaandika taarifa ya nchi inayoangamia kwa mmomonyoko. Mwaka uliofuata ng'ombe wakatwaliwa kwa nguvu ili wapunguzwe, na Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakaenda Nairobi kulalamika kwa Gavana, mpaka mpango ule ukaachwa na Muindi akapelekwa uhamishoni Lamu. Ofisa hakuona uongo, makorongo yalikuwapo. Asichokiona ni watu waliosimama juu yake. Kitabu cha Tiffen, Mortimore na Gichuki cha mwaka 1994 kimeeleza kwamba kutoka miaka ile hadi 1990 watu wa Machakos waliongezeka takriban mara tano, na mmomonyoko ukapungua, si kuzidi. Kazi hiyo ilifanywa kwa jembe na sepetu, sehemu kubwa na wanawake wa mwethya, yaani vikundi vya kazi ya pamoja, kwa matuta yaitwayo fanya juu, ambayo jina lake ndilo amri yake: chimba mtaro, udongo utupe upande wa juu. Udongo huo kweli ulipanda mlima.

Karibu na mto tulimkuta mama mmoja amekwisha kujaza dumu la lita 20, amelipitishia ukanda wa kulibebea kwenye paji la uso. Fundi alimwamkia kwa Kikamba, wakazungumza kidogo, kisha akanigeukia akaniambia, “Mwalimu, keria yako niliichomelea mimi. Itabeba.” Tukalifunga dumu kwa mpira wa tyubu kuukuu, mimi nikashika usukani, fundi akasukuma nyuma kwa mkono mmoja, akikokota Black Mamba kwa mwingine, na mama akatangulia kutuonyesha njia. Maji yalikuwa yakicheza ndani ya dumu, na kila yalipocheza fremu iliniletea habari zake viganjani. Nyumba yake ilikuwa juu, tuta la saba au la nane. Nilikuwa nimekwisha kuacha kuhesabu.