Simu Ilipokatika Rwanda

Mwaka 2016 kampuni ya Babylon ya London iliingia Rwanda kwa jina la Babyl. Mwananchi alipiga namba kwa simu yoyote, hata ya kitochi, akaongea na muuguzi au daktari, kisha akatumiwa ujumbe wenye namba ya kuonyesha duka la dawa au maabara. Kwa mkulima wa mlimani, ambaye safari ya hospitali humlia siku nzima ya kazi, hiyo ilikuwa neema, na asitokee mtu wa kuibeza. Waliojiandikisha walipita milioni 2. Mwaka 2020 serikali ikatia saini mkataba wa miaka 10.

Kumbe uhai wa huduma hiyo ulitegemea mfuko ulio mbali. Kampuni mama iliingia soko la hisa la New York mwaka 2021, ikithaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni 4. Matumizi yakazidi mapato, na mwaka 2023 ikafilisika. Babyl nayo ikafunga mwaka huohuo. Mkataba wa miaka 10 haukufikisha hata minne.

Serikali nyingine zitazame kilichobaki. Walibaki wahudumu wa afya wa vijijini, zaidi ya 45,000, waliochaguliwa na majirani zao. Ilibaki pia chanjo dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa shuleni mwaka 2011 ikawafikia zaidi ya asilimia 90 ya wasichana waliolengwa. Chanjo hiyo haikupita hewani. Alikuja muuguzi na sindano.

Kinga iko hivyo. Presha hukaa mwilini miaka bila dalili, wala daktari hawezi kuisikia katika sauti ya mtu: sharti mkono ufungwe kipimo. Simu ina kazi yake, nayo ni kubwa, ya kukumbusha, kushauri na kufuatilia dawa. Tanzania ilianza mwaka 2012 kuwatumia wajawazito ujumbe wa bure wa Wazazi Nipendeni, na ujumbe ule ulimhimiza mama aende kliniki. Haukuchukua nafasi ya kliniki.

Basi waziri akiletewa mkataba wa tiba kwa simu, aulize kwanza ni zahanati ngapi zina kipimo cha presha kinachofanya kazi, na kumbukumbu za wagonjwa zitabaki kwa nani kampuni ikifungwa. Asipojibiwa, asitie saini.